Ovari ya Kushoto

Niseme ukweli mapema: mimi ni wifi mbaya. Mdogo wangu wa mwisho, niliyemsomesha kwa cherehani yangu baada ya miguu ya mama kukataa kazi, alipokuja kuniambia anaoa, nilimuuliza msichana mwenyewe anafanya kazi gani. Akasema anapiga picha za matumbo hospitalini. Nikamuuliza, matumbo ya nani? Akacheka akidhani namtania.

Kwa miaka sita nilimwita "mke wa mdogo wangu" hata akiwa ameketi mbele yangu na kikombe changu mkononi. Makosa yake nilikuwa nayo kichwani kama vipimo vya wateja wa kudumu. Hajui kushika sindano. Kifungo cha shati la mumewe kikikatika, shati linaletwa kwangu. Anarudi nyumbani wenzake wameshapika, wamekula na wameosha vyombo. Nilisema yote hayo, tena kwa sauti, maana ulimi wangu hauna mfupa na sijawahi kutafuta wa kuuwekea. Yeye hakunijibu vibaya hata siku moja, na hilo nalo nilimhesabia kosa.

Kilichonikera zaidi ni polepole yake. Akiosha bilauri anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anaigeuza, anaitazama, anairudisha majini. Nilikuwa nikimwangalia mpaka magoti yananiwasha. Kazini kwake walimwita Taratibu, na hawakumwita hivyo kwa kumsifu. Wenzake wakimaliza wagonjwa watatu, yeye bado yuko na mmoja, na foleni nje inanung'unika. Mdogo wangu aliwahi kuniambia kwamba mkuu wa kitengo alimwandikia mkewe barua ya onyo kwa sababu ya kuchelewesha watu. Nikamjibu, "Si nilisema?"

Basi, kitu kikaniota tumboni.

Nilikijua kwa sketi kabla ya kukijua kwa mkono. Mimi hujishonea mwenyewe, na mwili wangu naujua kwa sentimita. Nilisogeza kishikizo cha kiuno mara ya kwanza nikasema ni unene. Nikakisogeza tena, na safari hii upande wa kushoto tu ndio uliokuwa umevuta kitambaa. Nikilala chali na kubonyeza chini ya kitovu, nagusa kitu kigumu kinachonikwepa kidogo halafu kinarudi. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na miaka tisa ndani ya ndoa bila mtoto. Mume wangu, mchomelea vyuma, ni mtu wa maneno machache, na neno hilo hakuwahi kulitaja. Mimi ndiye niliyekuwa nalitaja, peke yangu, kila mwezi.

Hospitali kubwa iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwenye kibanda changu cha ushonaji. Ndipo anapofanya kazi wifi yangu. Niliipita. Nilisema moyoni, huyu aone kizazi changu? Akikuta kitupu kama ghala la njaa, akirudi nyumbani amsimulie mdogo wangu wakiwa mezani? Ng'o. Nikavuka mji mzima mpaka kwenye kliniki moja ndogo ambako hakuna aliyenijua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi methali hiyo nimewahi kuwashonea watu kwenye mapazia, kwa uzi mwekundu, bila kuifikiria hata kidogo.

Huko kliniki niliambiwa ninywe lita nzima ya maji nisubiri kibofu kijae, ndipo kizazi kionekane vizuri. Nilikuwa na sare za shule arobaini zikinisubiri mezani. Nikanywa mafunda matatu nikasema nimejaa. Mpimaji, mwanamume wa makamo mwenye adabu zake, alinipaka jeli, akapitisha kifaa chake juu ya tumbo, akakunja uso. Akasema kwa juu haoni vizuri, ingefaa anipime kwa kifaa cha ndani. Nilimtazama kwa jicho ambalo hata mume wangu hulikimbia. Hakurudia. Akamaliza alichoweza, akaandika, akanipa bahasha.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi moja. Uvimbe wa sentimita tisa, upande wa kushoto. Ovari ya kushoto haionekani. Uvimbe huenda unatoka kwenye ovari. Uwezekano wa saratani haujaondolewa. Apelekwe kwa daktari bingwa haraka.

Sentensi ile ya saratani niliisoma nikiwa nimesimama kando ya barabara, watu wakinipita kulia na kushoto. Niliisoma mpaka ikaacha kuwa maneno.

Daktari bingwa wa akina mama yuko wapi? Hospitali kubwa. Kukimbia kote kule, nikarudi palepale. Nikaingia kwa mlango wa nyuma nikiwa nimejitanda mtandio mpaka puani. Bingwa alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mwenye vidole virefu. Alisoma karatasi, akanishika tumbo, akanituma nikatoe damu itafutwe alama ya saratani. Kipimo cha damu kikarudi kimepanda kidogo. Akaniambia kwa utulivu kwamba kwa umri wangu na ukubwa wa uvimbe hawezi kucheza kamari. Jumatatu atanifungua. Akikuta ni kile anachokihofia, ataondoa ovari zote mbili na kizazi. Akanisogezea fomu ya ridhaa.

Nilimuuliza kama anaweza kuacha hata kipande. Akasema, "Mama, kwanza tukuache wewe."

Nilisaini. Mkono wangu, unaokata kitambaa cha watu bila kutetemeka, uliandika jina kama mkono wa mtoto wa darasa la kwanza. Nyumbani nilimweleza mume wangu. Akasema, "Mimi nilikuoa wewe." Alisema vizuri, na nilimpenda kwa hilo, lakini nilikwenda kulia chooni nikiwa nimefungua bomba ili asisikie.

Ilikuwa imebaki picha moja tu kabla ya upasuaji, eksirei ya kifua. Alhamisi asubuhi nikakaa kwenye benchi la kitengo cha picha, mtandio puani, uso ukutani, nikiomba yule mwanamke awe zamu nyingine.

"Wifi," sauti ikasema juu ya kichwa changu.

Nikajifanya kiziwi.

"Wifi, jifunike unavyotaka. Mabega hayo ya gauni hakuna mwingine anayeyashona hapa mjini."

Nimekamatwa na mkono wangu mwenyewe. Nilishusha mtandio. Alikuwa amevaa koti jeupe, na kalamu mbili mfukoni. Hakuuliza nimefuata nini. Alinyoosha mkono, na sijui kwa nini, mimi mbishi wa kupindukia, nikampa bahasha.

Alisoma akiwa amesimama. Alisoma kama anavyoosha bilauri. Nilingoja aseme pole, ili nipate mtu wa kumkasirikia.

"Hapa ameandika ovari ya kushoto haionekani," akasema. "Alikupima kwa ndani?"

"Nilikataa."

"Maji ulikunywa?"

"Mafunda matatu."

Nilijiandaa kugombezwa. Akakunja karatasi kwa mikunjo yake ya awali. "Basi huyu bwana hakukosea. Hakuiona, akaandika hakuiona. Waliosoma baada yake ndio wamesoma kama vile haipo. Wifi, mtu hawezi kusema uvimbe ni wa ovari kabla hajaitafuta ovari yenyewe."

"Na kipimo cha damu?"

"Hicho hupanda kwa mambo mengi, hata kwa siku zako za mwezi. Sikuahidi kitu. Nasema tu sijaona bado." Akatazama saa ukutani. "Sheria yetu hapa, hatuandiki ripoti ya ndugu. Kuangalia hakuna aliyenikataza. Kesho mchana, wenzangu wakienda kula, mashine inakuwa huru. Njoo umekunywa lita nzima. Wifi, lita. Nitakupima nayo."

Ijumaa nilikunywa lita na nusu, kwa ubishi. Nilitembea dakika zile kumi nikiwa nimebana magoti, nikimlaani kila mtu aliyenisalimia.

Chumba chao ni kidogo, hakina dirisha, kina baridi ya mashine ya hewa. Kuna kitanda chembamba chenye shuka la karatasi, kiti cha magurudumu madogo kilichotoboka, na mashine yenyewe imesimama kando na kioo chake. Kwenye kona pana choo. Pembeni ya kioo alikuwa amebandika karatasi ya mwandiko wake: *Kabla ya uvimbe, tafuta majirani.* Nikamuuliza ndiyo nini. Akasema ndiyo kazi.

Alipasha jeli moto kwa kuitia chupa yake kwenye beseni la maji, jambo ambalo kule kliniki halikufanyika. Akazima taa. Akaanza juu ya tumbo, na hapo ndipo nilipoacha kuwa wifi kidogo nikawa fundi, kwa sababu fundi humjua fundi. Mkono wake haukurukaruka. Ulikwenda toka kulia kwenda kushoto kwa mstari mmoja, ukarudi kwa mstari wa pili unaougusa wa kwanza, kama mtu anayepiga pasi kitambaa kizima bila kuacha mkunjo. Hakwenda kwenye uvimbe moja kwa moja. Aliupita kama vile haukumhusu.

"Kibofu hiki, kile cheusi," akasema. "Umejitahidi. Hiki hapa kizazi."

Nikakiona. Sikutegemea kukiona. Nilidhani ni mambo ya madaktari peke yao, kumbe kiko pale, kijivu, umbo la pera lililolala, na katikati yake mstari mweupe mwembamba.

"Kibaya?"

"Kizuri. Ukuta wake laini, mstari wa ndani umenyooka." Alisema bila kupamba, kama mtu anayesoma namba ya nyumba. Kwa miaka tisa sikuwahi kusikia mtu akikisifu.

Ovari ya kulia aliipata upesi. Ya kushoto hakuipata. Uvimbe ulikuwa umekaa pale, mduara mkubwa wenye kivuli, umeziba kila kitu. Akaniambia nikakojoe, na sijawahi kutii amri kwa furaha namna ile. Niliporudi akanionyesha kifaa cha ndani, akakivika mpira wake, akanieleza kila hatua kabla ya kuifanya. Akasema nikitaka aache, niseme neno moja tu, ataacha. Sikusema.

Akaingia kwenye utafutaji. Dakika kumi. Kumi na tano. Aliniambia nipumue, nishushe pumzi, nikohoe. Mkono wake wa kulia ulishika kifaa, wa kushoto ukabonyeza tumbo langu kwa nje, taratibu. Nilimtazama yeye badala ya kioo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo katika chumba kile cha baridi. Nikafikiria wale watu walionung'unika kwenye foleni miaka yote, na mimi niliyenung'unika kuliko wote bila hata kupanga foleni.

"Geuka ubavu, wifi. Lalia wa kulia. Goti la juu mbele."

Nikageuka. Akabonyeza tena. Kitu tumboni kikasogea. Akatulia kabisa, hata pumzi sikuisikia.

"Njoo, mama, njoo," akakiambia kioo. Halafu akaniambia mimi: "Tazama hapa. Nyuma ya kizazi, imejibanza chini. Unaona kile kiduara kidogo chenye punje nyeusi ndani?"

Niliziona. Tatu, nne, tano, kama mbegu za nyanya.

"Ndiyo ovari yako ya kushoto. Punje hizo ni mayai yanayokua. Nzima, haina neno. Sasa angalia, nikibonyeza, yenyewe inateleza huku, uvimbe unabaki kule. Hawajuani."

"Kwa hiyo uvimbe ni wa nani?"

Akabonyeza kitufe, na rangi nyekundu na bluu zikawaka kwenye kioo. Mishipa ya damu. Ilitoka kwenye ukuta wa kizazi, ikapita kwenye daraja jembamba la nyama, ikaingia kwenye ule mduara. Akaizungusha picha mara tatu kabla ya kusema.

"Ni wa kizazi. Umeota nje yake, umening'inia kwa kikonyo, umeangukia upande wa ovari. Faibroidi. Uvimbe wa kawaida ambao wanawake wengi wanao. Kwa ninavyouona, siyo saratani, na wa kukatwa ni wenyewe tu, kwenye kikonyo."

Nilianza kulia, na nalia vibaya, kwa kelele. Akanipa karatasi za kufutia jeli. Hakuniliwaza. Alikuwa ameshainama anaandika kitu kwenye kipande cha karatasi: saa, mahali, vipimo, na kijichoro kidogo. Akakikunja akakitia mfukoni.

"Sasa mkuu wangu atakupima upya," akasema. "Sitamwambia nilichokiona."

Nikaacha kulia. "Kwa nini usimwambie? Mwambie iko nyuma, amalize."

"Nikimwambia, ataona nilichomwambia. Bingwa akiuliza, atakuwa na jibu langu lililonakiliwa mara mbili, na mimi ni wifi yako. Wewe ukiwa mezani pa kukatwa, nataka awe na macho mawili yasiyojuana."

"Na asipoiona?"

"Basi nitasema niliiona, na neno langu litabaki la ndugu," akasema. "Bingwa atashika la kwake."

Mkuu wa kitengo ni mama mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni, anatembea kama mwenye kesi na kila mtu. Ndiye aliyeandika ile barua ya onyo. Aliingia akitafuna, akauliza, "Huyu ndiye wifi?" nikasema ndimi, akasema, "Haya, tuone," na kazi ikaanza. Wifi yangu alisimama mlangoni, mikono nyuma.

Mkuu ana mkono mwepesi, anajua anachofanya. Kizazi, dakika moja. Ovari ya kulia, nusu dakika. Uvimbe, akaupima urefu na upana. Kisha akatafuta, akatafuta. Akabadilisha pembe. Akapumua kwa pua.

"Ya kushoto siioni," akasema.

Nilimtazama wifi. Yeye alikuwa anatazama ukuta.

Sijui kama umewahi kunyamaza kitu ambacho maisha yako yote yamekaa juu yake. Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu saa moja iliyopita. Neno moja lingetosha: nyuma. Lilikuwa kwenye meno. Mimi, ambaye sijawahi kumeza hata neno moja la kumsema mtu, nililishika lile neno kwa meno na midomo, na nilifanya hivyo kwa sababu moja tu. Yule mwanamke mlangoni alikuwa amelishika pia, na la kwake lilikuwa zito zaidi. Bosi wake yuko mbele yake anashindwa, na kunyamaza kwake kunaweza kunigharimu kizazi, na kusema kwake kunaweza kuifanya kazi yote ionekane upendeleo. Hakusema.

"Labda kweli ndiyo yenyewe imekuwa uvimbe," mkuu akasema, na mkono wake ukaanza kurudi nyuma, kutoka.

Kisha ukasimama. Akatupa jicho pale pembeni ya kioo, kwenye ile karatasi ya majirani. Sijui kama aliisoma ama ilikuwa mahali tu pa kupumzisha macho. Akavuta kiti.

"Hebu geuka ubavu, mama."

Niligeuka kwa kasi mpaka shuka la karatasi likachanika.

Dakika zikapita. Nilihesabu mpaka nikapoteza hesabu. Halafu mkuu akasema, polepole, kwa sauti ambayo nadhani hakuizoea, "Hii hapa. Imejificha nyuma kama mdaiwa." Akawasha rangi. Akafuata mishipa kwa kidole juu ya kioo. "Na huyu bwana mkubwa ananing'inia kwenye kizazi. Kikonyo hiki hapa. Faibroidi ya shina."

Akageukia mlangoni. "Wewe uliiona?"

Wifi akatoa kile kikaratasi mfukoni, akampa. Mkuu akavaa miwani, akasoma, akatazama kioo, akasoma tena. Kijichoro na picha vilikuwa kitu kimoja.

"Ulichukua muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Mimi nilikuwa naacha ya kumi na tano," mkuu akasema. Kisha akaandika ripoti yeye mwenyewe, kwa jina lake, na chini akaongeza mstari kwamba mtaalamu wa kitengo aliona vivyo hivyo kabla yake, bila yeye kuambiwa. Huo mstari hakuombwa na mtu. Nilimsamehe barua yake palepale, ingawa haikuwa yangu kusamehe.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshavaa gauni la hospitali lenye mshono wa aibu mgongoni wakati bingwa alipokuja na ripoti mpya mkononi. Hakuja na fomu. Aliniambia tutachelewa kidogo kuingia. Muuguzi akamkumbusha kwamba chumba kiko tayari na watu wote wamefika. Akasema, "Najua. Namsubiri mtu wa picha. Siingii kabla hajanionyesha kikonyo kimeshika wapi."

Nikamwona wifi yangu akipita kwenye ule ukumbi, si kwa kukimbia, na bahasha kubwa ya picha kwapani. Wauguzi wawili, mtu wa dawa za usingizi na bingwa mwenyewe walimzunguka dirishani. Aliinua picha kwenye mwanga. Niliujua ule mkao. Alionyesha kwa ncha ya kalamu, na lile jitu refu lenye vidole virefu likainama ili lione anapoonyesha. Nilikuwa naogopa kufa siku ile, sitaki kudanganya, lakini katikati ya hofu nilijikuta nimenyoosha shingo kama mama kwenye mahafali, nikitaka watu wote wajue yule ni wa kwetu.

Fomu ya kwanza ilichanwa mbele yangu. Ya pili ilisema kuondolewa uvimbe, kubakizwa kizazi na ovari, isipokuwa likionekana jambo la hatari. Bingwa aliniambia, "Sijasema utazaa, mama. Nimesema sitakuondolea cha kuzalia bila sababu." Nikamwambia hilo linanitosha, na safari hii mkono uliandika vizuri.

Nilipozinduka, ulimi ulikuwa mkavu, na wifi alikuwa ameketi pembeni. Hakusubiri niulize. Alikuwa na nakala ya maelezo ya upasuaji, akanisomea: uvimbe mmoja wenye kikonyo, umeondolewa. Kizazi, kimebaki. Ovari ya kulia, imebaki. Ovari ya kushoto, imebaki. Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, kwa mwendo uleule. Nikamwambia mara ya tatu, akasoma mara ya tatu. Hapo nikamshika mkono, na ndipo nikagundua kwamba hapo kabla sikuwahi kuushika, hata siku ya harusi yake.

Majibu ya maabara yalikuja siku ya sita, wodini, saa za kutazamwa wagonjwa. Yeye ndiye aliyeyaleta, akaniachia niyafungue mwenyewe. Faibroidi. Hakuna dalili ya saratani. Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akafunika uso kwa mikono yake yenye makovu ya moto, mabega yakatikisika, na hakuna bomba lililofunguliwa kuficha chochote.

Nikainuka nusu. Vitanda vilikuwa vinane, vyote vina watu.

"Jamani," nikasema, "mnamwona huyu? Huyu ni wifi yangu. Ndiye aliyeiona ovari yangu ilipokuwa haionekani. Dakika arobaini aliitafuta. Hakuchoka, na alipoiona hakujisifu, alinyamaza mpaka mwenzake naye akaiona. Nimeishi naye miaka sita sikumjua."

Mwanamke wa kitanda cha pili, mwenye kitambaa cha bluu kichwani, akamtazama kwa heshima. "Wifi yako ni daktari?"

"Si daktari," nikajibu, kwa sauti ya kufika mpaka ukumbini. "Ni mpiga picha. Madaktari ndio humsubiri yeye."

Wifi akaniinamia sikioni, uso umemwiva kwa haya, akaniomba nipunguze sauti, nyuzi zisije zikafumuka.

Sikupunguza.